Ukoo Uliozaliwa Dukani

Ujinga nilioufanya nautaja mwanzoni, kabla hajautaja mtu mwingine akauongezea chumvi: nilimwalika Mhindi kwenye sengu ya ukoo wetu. Tena nilidanganya pande zote mbili. Mhindi nilimwambia wazee wangu wana kahawa wanataka kumuuzia. Wazee niliwaambia Mhindi anakuja kukaa kitako nao kama mkubwa wa ukoo. Mimi nilidhani nitakaa pembeni nicheke. Nilikuwa kidato cha pili wakati huo. Sasa niko cha tatu na akili imeongezeka kidogo, ingawa mwalimu wa hesabu hakubali.

Sengu, kwa msomaji asiyetoka Umatengo, ni pale wanaume wa ukoo wanapokutana kwa mkubwa wao, wakala ugali pamoja, halafu wakahukumu. Anahukumiwa mwizi wa kuku, anahukumiwa kijana mvivu wa kulima, inaamuliwa nani aoe wapi na nani aolewe na nani. Zamani, wanasema, sengu ilikuwa shule ya hekima. Ya kwetu ni mahali ambapo wazee wanashiba kwanza, ndipo wanakuwa wakali.

Na ukoo wetu ni ukoo gani? Hapo ndipo pa kuchekea. Sisi ni Wamatengo wa damu, wakulima wa kahawa, na wa maharage kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya milimani, Wakatoliki mpaka mbwa wetu anajua siku ya Ijumaa Kuu asidai mfupa. Lakini jina letu la ukoo ni la Kihindi. Lenyewe silitaji. Nikilitaja tu, watu wengi watasimama kusema wamesemwa wao, na kituo cha basi, kilima na jiwe moja navyo vitadai haki yao.

Lilivyotufikia ni hivi. Baba yake babu alikuwa kibarua wa kupima kahawa kwenye duka la Mhindi, enzi za wakoloni. Karani wa kodi akapita akamuuliza, "Wewe wa nani?" Mzee akamtaja mwajiri wake, kama leo mtu anavyosema yeye ni wa halmashauri. Karani akaandika alichosikia, akaenda zake kwa mwingine. Huo ndio mwanzo wetu. Hakuna vita tuliyopigana, hakuna simba tuliyemuua, hakuna mlima tuliohama. Tulizaliwa kwenye mzani. Mhindi mwenyewe aliondoka zamani, siku maduka yalipochukuliwa na serikali, hakuacha mtoto wala mkebe. Aliacha jina tu, nasi tukaliokota kama mtu anavyookota kofia barabarani, tukalivaa, tukaanza kuringa nalo.

Jina lenyewe nalo halikutosheka na watu. Ukitoka Kitai kwa basi kuja Mbinga kuna kituo kinaitwa kwa jina hilo, pale duka lilipokuwa. Sasa hivi pana ghala la bati na mbuzi wa kila mtu. Mbele kidogo kuna kilima nacho kinaitwa hivyo hivyo, eti lori la Mhindi lilikwama hapo masika fulani. Ukiteremka mpaka ziwani, karibu na Mbamba Bay, kuna jiwe kubwa lenye jina lile lile, eti Mhindi mwingine, au huyo huyo, alikuwa akikaa juu yake kusubiri meli. Siku moja kwenye basi nilimsikia abiria mgeni akimwambia konda amshushe kwa jina hilo.

"Dukani, kilimani au kwenye jiwe?" konda akamuuliza.

"Kwa mjomba wangu."

"Basi huko hatuendi."

Na ziwani nako kuna watu wenye jina hilo. Wao ni Wanyasa. Babu yao alikuwa akipiga kasia kwenye mtumbwi wa Mhindi wa huko, akitoa mizigo ya duka melini na kuileta nchi kavu. Naye siku moja akaulizwa yeye wa nani.

Kama walikuwa Wahindi wawili au mmoja, hakuna anayejua. Wa kwetu, kwa masimulizi ya babu, alikuwa mrefu, mwembamba kama muwa wa kiangazi. Wa ziwani alikuwa mnene hata mtumbwi ulikuwa ukiinamia upande wake. Nilimuuliza babu, mtu mmoja anakuwaje mwembamba Mbinga na mnene Mbamba Bay?

"Ziwani kuna samaki," akanijibu.

Babu huyu kwa kweli ni mdogo wake babu yangu mzaa baba, lakini baba yangu alishafariki na babu yangu pia, kwa hiyo sauti yote ya ukoo ilimwangukia yeye. Angewekwa mwenye busara ningenyamaza. Lakini yeye aliwekwa na mauti, kama mchezaji wa akiba anayeingia kwa sababu wenzake wote wameumia. Alivaa koti mwaka mzima. Alipenda kusema "sisi wenye jina" huku akijipiga kifua, na kila akijipiga vumbi lilitoka.

Basi dada yangu akapata mchumba.

Hizo ni siku za ruksa, serikali ilipoachia biashara. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Waliokuwa wakiuza sukari kwa kujificha sasa waliiweka barazani na kuipigia kelele. Mitumba ilijaa sokoni mpaka mlevi wa mtaani kwetu akawa anatembea na koti la manyoya. Na vijana wa ziwani walikuwa wakipanda milima juu ya malori na magunia ya usipa, vile vidagaa vya ziwa letu. Mmoja wao akawa anampimia dada kikombe cha usipa na kuongeza, na kuongeza tena, mpaka mama akasema, "Huyu ama hajui biashara ama anajua biashara nyingine." Alikuwa kijana mzuri. Mpole, mchapakazi, na alinipandisha lori bure. Nikaanza kumwita shemeji kabla dada hajaamua.

Alipokuja kuposa, alikuja na mshenga wake, mzee mmoja wa huko huko ziwani mwenye mdomo wa kuchonga, aliyetania kila mtu pale kwetu tangu anafungua lango. Babu aliwapokea vizuri, mpaka pale alipouliza:

"Na jina lako la ukoo ni nani, kijana?"

Shemeji akalitaja. Babu akajipiga paja.

"Mwanangu! Unataka kumuoa dada yako?"

"Babu, mimi Mnyasa. Yeye Mmatengo."

"Damu haiulizi kabila. Jina ndilo damu."

"Lakini hilo jina si letu, babu. Tulipewa."

"Na mimi nilipewa. Aliyetupa ni mmoja. Watoto wa baba mmoja hao!"

Mshenga akasema, "Mzee, kama ni hivyo basi hata lile jiwe letu ni shangazi yako. Mbona hujaja kulisalimia?"

Babu hakucheka. Kwetu watu wa jina moja hawaoani, na mila hiyo siicheki. Wenye majina ya kweli wanajua kwa nini ipo, na wameilinda tangu enzi na enzi. Ninachokicheka ni mtu kuchukua sheria ya mababu akaifunga kwenye chapa ya dukani, kama mtu aliyefuga kofia akasubiri itage. Babu akawaambia warudi baada ya mavuno, siku ya sengu, kusikia jibu la mwisho la ukoo. Na jibu la mwisho likiwa hapana, posa imekufa. Kurudi tena ni kujidhalilisha, na ukoo wa mwanamume hauwezi kumruhusu.

Dada hakulia mbele yetu. Alikaa jikoni akichambua maharage, anatupa mabovu, anatupa na mazima.

"Basi niolewe na nani?" akauliza. "Na Mchina? Maana hao hawakuwahi kufungua duka huku."

Mama ametoka kwenye ukoo wa kweli, wenye mlima wake na kisa chake. Wanawake hawakai kwenye sengu, wao wanaipikia tu. Kwa hiyo maneno yake yote aliyasemea jikoni, kwangu, kana kwamba mimi ndiye wajumbe wote.

"Mimi nilizaliwa kwenye ukoo," akasema. "Ninyi mlizaliwa kwenye kaunta."

Nilimfuata babu nikamwambia dada amekonda. Alikuwa amekonda kweli. Babu akarekebisha koti lake.

"Mimi simkatalii kwa chuki. Ni jina linakataa. Angekuwepo mwenye jina mwenyewe, angesema kama mimi."

Hayo ndiyo maneno yaliyoniharibu. Maana mwezi huo huo mwenye jina akaja.

Serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi binafsi kununua kahawa. Wakaja na mizani yao, wakaja na pesa taslimu, wakati ushirika ulikuwa bado unatoa ahadi taslimu. Mmoja wao alikuwa Mhindi mwenye pikapu nyeupe, na mlangoni mwa pikapu palipakwa rangi ya bluu jina letu. Lenyewe. Herufi kwa herufi. Akaenda kuweka mzani wake wapi? Pale pale kwenye kituo chenye jina lake, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na ghala.

Habari ilifika kwa babu kabla injini haijapoa. Akaenda kumtazama kwa mbali, akiwa amejibanza nyuma ya mnazi wa mtu, mnazi wa mapambo usiozaa, mti pekee wa aina hiyo huku kwetu. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Ndiye," akanong'ona. "Pua ile ile."

"Babu, yule wa zamani angekuwa na miaka mingapi sasa?"

"Basi mwanawe. Au mjukuu. Pua hairithiwi hovyo."

Jumapili, baada ya misa, alisimama nje ya kanisa akatangaza, "Mkubwa wetu amerudi." Watu wakampongeza. Lakini kwenda kumwamkia huyo mkubwa hakwenda, kwa sababu yeye huyo huyo kila mkutano alikuwa akisimama kusema wanunuzi binafsi ni wezi, na kahawa halali ni ya ushirika. Akabaki anajivunia ndugu ambaye hataki kuonekana naye.

Mimi nikaenda. Jumatatu, nimetoka shule, sare mwilini. Mhindi alikuwa amekaa juu ya gunia, anakunywa chai kwa kifuniko cha chupa. Mtu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo."

"Marahaba, kijana. Umeleta kahawa?"

"Hapana. Nimeleta jina." Nikamtajia ninavyoitwa.

Akashusha kifuniko. "Hilo langu."

"Na langu."

"Wewe umelipata wapi?"

"Tulilikuta."

Alicheka mpaka chai ikamwagikia gunia. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mwalimu wangu. Kazaliwa Iringa, kasomea Iringa, na Wahehe waliosoma naye walikuwa wakimtania kwa Kihehe naye akawarudishia. Duka la zamani la hapa hakulijua. Si baba yake wala babu yake aliyewahi kukanyaga Mbinga. "Sisi wenye jina hili tuko wengi kama mchanga," akasema. "Lakini haya, kama tunaitwa sawa, basi sisi ndugu."

Angalia, alikuwa anatania. Nilijua anatania. Mtu mwenye akili angecheka akaenda kufanya hesabu zake. Mimi nikaona mlango umefunguka, nikaingia na miguu yote miwili.

"Wazee wangu wana magunia ya kahawa," nikamwambia. "Wanataka kukuona. Ila ni watu wa heshima, lazima ukae nao mle ugali kwanza."

"Si wanasema wazee wa huku ni wa ushirika?"

"Mchana."

Akacheka tena, akaniuliza lini. Nikamtajia siku ya sengu.

Nikatoka hapo mbio mpaka kwa babu. "Babu, mkubwa wa ukoo amekubali kuja kwenye sengu, aamue mwenyewe ile kesi ya dada."

Babu alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini polepole.

"Alisemaje hasa?"

"Alisema, sisi ndugu."

Na hapo, jamani, sikudanganya. Babu akageuka upande wa ukuta, akajipangusa macho kwa ukosi wa koti. Kidogo nimhurumie. Halafu akasema, "Sasa utaona kama hatakataa kama ninavyokataa mimi," na huruma ikaniisha.

Siku ya sengu babu aliongeza tai juu ya koti, ameifunga kama kamba ya mbuzi. Alichinja jogoo wake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Kiti cha kukunja kiliazimwa kanisani kikawekwa katikati ya wazee. Shemeji na mshenga wake walikuwa wamekaa kwenye mkeka karibu na mlango, mahali pa watu wanaosubiri kufukuzwa. Shemeji alikuwa amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Dada alikuwa jikoni na mama, na ukuta wa jikoni ni wa matete, kila neno linapita. Mimi nilipewa kazi ya kunawisha watu mikono, kwa hiyo niliona kila kitu.

Pikapu ikaja. Babu akasimama mlangoni, akatoa ile lugha ambayo aliamini Wahindi wanaielewa.

"Karibu sana, bwana kubwa! Iko hali jema?"

"Shikamoo, mzee," Mhindi akajibu. "Hali yetu njema, tunamshukuru Mungu. Poleni na shughuli za mavuno."

Wazee wakatazamana. Kwanza kwa Kiswahili chake, pili kwa ile shikamoo. Mkubwa wa ukoo anamwamkiaje mdogo? Babu hakujua aitikie au aamkie.

"Marahaba," akasema mwishoni. "Mkubwa."

Wakamwelekeza kwenye kiti cha kanisani. Mhindi akakitazama, akatazama nje ambako watoto walishaanza kupanda pikapu, akasema, "Mimi nikae hapa hapa mlangoni, wazee, nione gari." Akavua viatu, akaketi kwenye mkeka kando ya shemeji. Kiti cha mkubwa kikabaki katikati kitupu. Wazee wote wakawa wamekizunguka, kama wanaabudu chuma.

Babu akaieleza kesi. Aliieleza kwa marefu, akaanza na mzani, akapitia kilima na jiwe, akafika kwa kijana na binti. Mhindi alikuwa anatikisa kichwa kwa adabu. Alidhani hayo ni mazungumzo ya kusubiri chakula, kama watu wanavyoongelea mvua.

"Sasa, mkubwa wetu," babu akamalizia, na akanyoosha mgongo, "tuambie mbele ya watu wote. Huko mlikotoka, watu wenye jina letu, wanaoana?"

"Wanaoana sana," Mhindi akasema.

Nilimwagia maji mzee mmoja mpaka kwenye kiwiko.

"Mke wangu, jina la baba yake ni hilo hilo," akaendelea, bila habari. "Mama yangu naye alizaliwa na jina hilo hilo. Huko kwa mababu zetu ukisimama sokoni ukaliita, nusu ya soko inageuka. Tusipooana sisi kwa sisi tutamuoa nani? Kinachokatazwa ni watu wa kijiji kimoja. Kijana wa kijiji hiki akaoe kijiji kingine, basi."

Mzee mmoja alipiga ishara ya msalaba. Mwingine akauliza jirani yake kama amesikia vizuri, jirani akamwambia afadhali asingesikia. Kule jikoni kitu kilianguka, nadhani mwiko.

"Mzee," mshenga akamwambia babu, "samahani, mimi mgeni. Hivi Mbamba Bay na hapa ni kijiji kimoja?"

Babu akacheka peke yake, kicheko cha mtu anayetafuta njia msituni. "Mkubwa anatania! Wahindi wana utani sana. Jibu la ukoo ni lile lile. Jina moja, hakuna ndoa. Leteni chakula."

Hivyo tu. Miaka yote anangoja mwenye jina aje aseme, mwenye jina amekuja amesema, akageuzwa mcheshi. Nikamtazama shemeji. Alikuwa anakunja mikono ya shati lake jipya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Nilishika birika la maji na sikuona tena cha kuchekesha.

Chakula kikaja. Wazee walikula kwenye sinia moja, kama ilivyo sengu, lakini Mhindi aliwekewa sahani yake mwenyewe, kwa sababu babu alisema Wahindi hula peke yao. Ugali, maharage, mboga, na juu kabisa, peke yake kama askofu, firigisi ya yule jogoo.

Nieleze. Kwetu firigisi hailiwi na kila mwenye meno. Anakula mwenye nyumba. Au anapewa mgeni mkubwa, naye ana ruhusa ya kuigawa. Na ikigawiwa kijana aliyekuja kuposa, mbele ya watu, maana yake ni moja tu: amekuwa mkwe wa nyumba hiyo. Kwa maneno inaweza kubishaniwa. Kwa firigisi hapana.

Mhindi akaitazama firigisi. Kumbe alikuwa mtu wa mboga tu, tangu kuzaliwa, nyama hajui ladha yake. Lakini alikuwa mtu mwenye adabu, na mwenye adabu hatupi chakula cha watu.

"Mimi nyama situmii," akasema, akaichukua kwa ncha za vidole, akaiweka kwenye kiganja cha aliyekaa kando yake. "Kula wewe, kijana. Wewe una nguvu ya kutafuna."

Midomo ikasimama. Babu akainua mkono na tonge ndani yake. Shemeji, ambaye mimi nilidhani ni mpole, hakusubiri. Akaitupia mdomoni, akatafuna mara chache, akameza. Macho yalimtoka, koo likavimba, lakini akameza.

"Hajui mila!" babu akapiga kelele. "Huyu mgeni hajui mila zetu!"

"Hajui?" mshenga akasema, akilamba maharage kwenye kidole. "Mzee, si umesema ndiye mkubwa wa ukoo? Mkubwa amegawa. Au ukubwa wake ulikuwa wa asubuhi tu?"

Wazee wakaanza kucheka. Mmoja alianza kwa kukohoa, mwingine akadakia, mwisho hata yule aliyepiga ishara ya msalaba alikuwa anajishika mbavu. Babu aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumuunga mkono. Akaitazama sahani. Akaitazama ile pua aliyoiapia nyuma ya mnazi. Hakuwa na pa kutokea, maana akisema huyu si mkubwa, basi hakuna mkubwa, na kama hakuna mkubwa, sisi ni nani?

"Haya," akasema. "Iliyoliwa imeliwa. Mkwe amekubaliwa."

Jikoni vigelegele vilipasua ukuta wa matete.

Mhindi akasubiri kelele zitulie, akanawa mikono, akawatazama wazee kwa upole.

"Nimefurahi sana, wazee wangu, chakula kizuri. Sasa kahawa iko wapi? Kijana wenu huyu alisema mna magunia mnataka kuniuzia."

Wote wakageuka. Birika likawa zito mkononi. Babu akaja mpaka karibu yangu, akainama, nikasikia harufu ya koti.

"Wewe," akaninong'oneza, "leo nitakuzika kwenye ngoro uote na maharage."

Lakini hakunizika mara moja, kwa sababu Mhindi alikuwa bado anasubiri jibu, na pikapu ilikuwa mlangoni, na mzani ulikuwa ndani ya pikapu. Babu akatazama kulia, akatazama kushoto. Akakohoa.

"Ipo kidogo," akasema. "Chini ya kitanda."

Ilitoka chini ya kitanda. Ikatoka na nyuma ya mlango. Ikatoka na darini, vijana wanaishusha kwa kamba, magunia ya mwenyekiti wa kusema kahawa halali ni ya ushirika. Wazee wengine walipoona hivyo wakakumbuka nao kwamba wana vitanda, wakatawanyika mbio mbio kila mtu kwake. Mimi fimbo nilipata, lakini babu alikuwa akinichapa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mzani usimdanganye, kwa hiyo haikuwa na shabaha.

Pikapu ilipoondoka imeinama nyuma, nilikwenda jikoni. Dada alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Nikaanza kumwigiza babu: nikajipiga kifua, nikasema "iko hali jema," nikainua tonge la hewa na kulisahau juu. Nikaigiza shemeji anavyomeza. Dada akaanguka juu ya gunia la mahindi kwa kicheko. Mimi nikaendelea, maana mcheshi akipewa kicheko hajui pa kuishia, nikaanza na sauti ya mshenga.

Mama alikuwa anakwangua sufuria, mgongo kwetu. Nilisubiri aniambie mwanangu umefanya jambo. Nilisubiri hata anikemee kwa uongo. Akaweka sufuria chini, akageuka, akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Umeshamaliza kucheka? Haya, shika ndoo. Aliyekuwa anachota maji humu ndani umeshamuozesha."